John Newton: Aliyeimba Neema, Kisha Akatenda Haki

Katika sherehe hii ya jubilii tumeona vema kuwakumbusha maisha ya John Newton, mtunzi wa maneno ya wimbo Amazing Grace. Wengi wetu tumeuimba kwenye ibada na kwenye mazishi. Si wote wanaojua ulikotoka.

Newton alizaliwa London mwaka wa 1725. Mama yake, aliyemfundisha Maandiko, alifariki kabla mtoto hajatimiza miaka saba. Alipokua alilazimishwa kuingia katika jeshi la majini la Uingereza, akatoroka, akakamatwa na kuchapwa viboko. Baadaye aliishi pwani ya Afrika Magharibi chini ya mfanyabiashara wa watumwa, akateswa na kushinda njaa.

Machi 1748 meli aliyosafiria ilipigwa na dhoruba kali, ikakaribia kuzama. Newton alimlilia Mungu, naye akaokoka. Tangu siku hiyo alianza kumgeukia Mungu.

Lakini hapa ndipo tunapopaswa kutulia. Baada ya kuokoka, Newton hakuacha biashara ya watumwa. Kati ya mwaka wa 1750 na 1754 alikuwa nahodha wa meli za watumwa katika safari tatu. Aliongoza sala melini, huku Waafrika wamefungwa minyororo chini. Aliacha ubaharia kwa sababu ya ugonjwa, wala si kwa kuwa dhamiri ilimkataza. Moyo uliguswa upesi, lakini mikono ilichelewa kufuata.

Mwaka wa 1764 alipata upadri katika Kanisa la Anglikana, akatumwa Olney, mji mdogo wenye maskini wengi waliojipatia riziki kwa kufuma lesi. Aliwatembelea majumbani na kuwafundisha watoto wao. Tajiri mmoja Mkristo, John Thornton, alimpa pauni 200 kila mwaka ili awakaribishe wageni na kuwasaidia wahitaji. Rafiki yake, mshairi William Cowper, aliugua huzuni nzito hata akataka kujiua. Newton alimpokea nyumbani kwake mwaka wa 1773, akamtunza kwa zaidi ya mwaka mmoja.

Maneno ya Amazing Grace aliyaandika kwa ajili ya ibada ya mwaka mpya ya 1773. Mwaka wa 1779 yeye na Cowper walitoa kitabu chenye nyimbo 348. Sauti tunayoiimba leo iliunganishwa na maneno hayo huko Marekani mwaka wa 1835, Newton akiwa amekwisha kufa.

Mwaka wa 1788, akiwa kasisi London, alichapisha kijitabu kuhusu biashara ya watumwa. Alieleza wazi aliyoyaona na aliyoyatenda, akakiri kwamba ungamo lake lilichelewa mno. Alitoa ushahidi mbele ya wakuu wa serikali, akamtia moyo kijana William Wilberforce asiache siasa. Machi 1807 Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara hiyo. Newton alifariki Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 82.

Sheria hiyo haikufika pwani yetu upesi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka wa 1873, na mwaka wa 1875 wamisionari wa CMS walianzisha Frere Town, karibu na Mombasa, pawe makao ya waliookolewa utumwani. Kwa hiyo habari hii ni yetu pia.

Nabii Mika, sura ya 6 mstari wa 8, anataja haki, rehema na unyenyekevu kwa pamoja. Tunajifunza nini sisi wanakwaya? Kwamba mtu anaweza kuimba vizuri huku mwenzake anaumia chini ya miguu yake. Tujiulize: mfanyakazi wetu wa nyumbani amelipwa kabla hatujashona sare mpya? Mwenzetu aliyeacha kuja mazoezini, nani amebisha hodi kwake? Aliyekosana na mwenzake wa sauti ya pili, watasimama mstari mmoja leo bila kupatana?

Newton alichukua miaka 40 tangu dhoruba ile hadi kile kijitabu. Sisi tusingoje muda huo. Tutakapoimba wimbo wake leo, na mikono yetu ianze kazi kesho asubuhi.