Sophocles: Mtunzi wa Tanzia za Miungu na Mashujaa wa Ugiriki

Sophocles alikuwa mtunzi wa tamthiliya wa Ugiriki ya kale. Aliishi Athens kwa takriban miaka 90, kuanzia kama mwaka 496 KK hadi 406 KK. Visasili vya miungu na mighani ya mashujaa vilikuwepo kabla yake, na watoto wa Athens walivisikia tangu wadogo. Sophocles hakuvibuni. Alivipeleka jukwaani na kuwauliza watu wa mji wake swali gumu: mtu afanye nini pale ambapo amri ya mtawala, matakwa ya miungu na dhamiri yake mwenyewe havipatani? Mtahiniwa alishike swali hili kwanza, kwa kuwa ndilo linalounganisha kazi za Sophocles na maisha yake.

1. Kuzaliwa na malezi

Sophocles alizaliwa Colonus, kijiji kilichokuwa karibu na Athens. Baba yake, Sophillus, alikuwa tajiri mwenye karakana ya silaha. Kwa uwezo wa baba yake alipata elimu nzuri ya muziki, ushairi, uchezaji na mazoezi ya viungo. Kama vijana wengine wa tabaka lake, alikua akisikia tungo za Homer kuhusu vita vya Troy na safari za Odysseus.

Mwaka 480 KK Wagiriki waliwashinda wanamaji wa Uajemi katika vita vya Salamis. Wakati huo Sophocles alikuwa na umri wa miaka kama 16. Inasimuliwa kwamba aliteuliwa kuwaongoza vijana wenzake katika wimbo wa kuishukuru miungu kwa ushindi huo. Baada ya vita hivyo Athens ilipata nguvu na mali nyingi. Sophocles alikua mji ukipanda, na alizeeka mji ukishuka.

2. Mashindano ya tamthiliya

Katika Athens tamthiliya ilikuwa sehemu ya ibada. Kila mwaka majira ya kuchipua, mji ulifanya sherehe kubwa ya Dionysus, mungu wa mvinyo. Watu walikusanyika katika ukumbi wa wazi uliokuwa kwenye mteremko wa kusini wa kilima cha Acropolis. Watunzi 3 wa tanzia walishindana. Kila mmoja alileta tanzia 3 na mchezo 1 wa kuchekesha. Gharama za kufundisha korasi, yaani kundi la waimbaji na wachezaji, zilibebwa na raia tajiri aliyeteuliwa. Waigizaji wote walikuwa wanaume, nao walivaa barakoa. Waamuzi walipatikana kwa kura ya bahati, ili ishindikane kuwahonga mapema.

Mwaka 468 KK Sophocles alishinda zawadi ya kwanza kwa kumbwaga Aeschylus, mtunzi mkongwe aliyeheshimiwa kuliko wote. Ushindi huo ulimfanya ajulikane mji mzima. Katika maisha yake alitunga tamthiliya zaidi ya 120, akapata ushindi wa kwanza katika sherehe ya Dionysus mara 18 hivi. Kumbukumbu za kale zinaeleza kwamba hakuwahi kushika nafasi ya 3, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho.

3. Mabadiliko aliyoyaleta jukwaani

(a) Aliongeza mwigizaji wa 3. Kabla yake tamthiliya ilikuwa na waigizaji 2 tu, ambao walibadilishana barakoa ili kuwakilisha wahusika wote. Mwigizaji wa 3 aliwezesha mabishano ya pande tatu, na mgogoro ukawa mzito zaidi.

(b) Aliongeza idadi ya wanakorasi kutoka 12 hadi 15.

(c) Anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha picha za kuchorwa nyuma ya jukwaa ili kuonyesha mandhari.

(d) Aliacha desturi ya kuunganisha tanzia zote 3 katika kisa kimoja kirefu. Tanzia zake nyingi zilijitegemea, na kila moja ilimlenga mhusika mkuu mmoja aliye katika njia panda.

Hapo mwanzo watunzi waliigiza katika kazi zao wenyewe. Inasemekana Sophocles aliacha kuigiza kwa sababu sauti yake ilikuwa dhaifu.

4. Miungu na mashujaa katika kazi zake

Kati ya tamthiliya zake zote, 7 tu ndizo zilizotufikia zikiwa kamili: Ajax, Antigone, Mfalme Oedipus, Wanawake wa Trachis, Electra, Philoctetes na Oedipus huko Colonus. Zote zimetokana na visasili na mighani.

Watazamaji wa Athens waliujua mwisho wa kila kisa kabla ya mchezo kuanza. Kwa hiyo taharuki haikutokana na kutojua kitakachotokea. Ilitokana na kumwona mhusika akijongelea mwisho huo hatua kwa hatua, kwa maamuzi yake mwenyewe.

(a) Ajax. Ajax alikuwa shujaa mkubwa katika vita vya Troy. Achilles alipokufa, silaha zake alipewa Odysseus. Ajax alighadhibika akataka kuwaua viongozi wa Wagiriki usiku. Mungu wa kike Athena akamtia wazimu, naye akachinja mifugo akidhani anaua maadui. Alipopata fahamu aliona aibu isiyobebeka, akajiua kwa upanga wake. Wakuu wa jeshi wakataka maiti yake isizikwe. Aliyemtetea ni Odysseus, adui yake mwenyewe. Funzo lililopo ni kwamba uadui una mpaka, na kifo ni mojawapo ya mipaka hiyo.

(b) Antigone. Ndugu wawili, Eteocles na Polynices, waliuana wakigombea utawala wa mji wa Thebes. Mtawala mpya, Creon, aliamuru Eteocles azikwe kwa heshima, lakini Polynices aachwe aliwe na mbwa na ndege kwa kuwa aliuletea mji jeshi la kigeni. Dada yao, Antigone, aliamini kwamba miungu inataka kila maiti ipate udongo. Akamzika ndugu yake, akakamatwa, na hakukana. Creon akaamuru afungiwe pangoni akiwa hai. Mwaguzi kipofu Tiresias alipomwonya kwamba miungu imekasirika, Creon alibadili nia, lakini alikuwa amechelewa. Antigone alikuwa amejinyonga. Haemon, mwana wa Creon aliyekuwa mchumba wa Antigone, alijiua, na mke wa Creon naye akajiua. Zingatia kwamba Creon hakuwa mtu mwovu tangu mwanzo. Alitaka utulivu baada ya vita. Kosa lake lilikuwa kukataa kusikiliza mpaka wakati ukapita.

(c) Mfalme Oedipus. Laius, mfalme wa Thebes, alitabiriwa na mungu Apollo kwamba mwanawe atamuua. Mtoto alipozaliwa, akatolewa ili atupwe mlimani. Mchungaji akamwonea huruma, na mtoto akalelewa Corinth kama mwana wa mfalme wa huko. Alipokua, Oedipus aliambiwa huko Delphi kwamba atamuua baba yake na kumwoa mama yake. Akaikimbia Corinth ili ayaepuke hayo. Njiani aligombana na mzee mmoja akamuua. Kisha akategua kitendawili cha zimwi Sphinx lililokuwa likiwaangamiza watu wa Thebes. Kwa shukrani wakampa ufalme na mjane wa mfalme, Jocasta.

Mchezo unaanza miaka mingi baadaye, tauni ikiwa imeingia mjini. Apollo anasema tauni haitaondoka mpaka muuaji wa Laius apatikane. Oedipus anaapa kumsaka. Kila anapochunguza anajikaribia mwenyewe, mpaka inathibitika kwamba mzee aliyemuua njiani ni baba yake, na mkewe ni mama yake. Jocasta anajinyonga. Oedipus anajitoboa macho na kuomba aondoshwe mjini. Hapa kuna kinaya kikubwa: Tiresias asiyeona anaufahamu ukweli, na Oedipus mwenye macho haujui. Pia kuna mbinu rejeshi, kwa kuwa matukio makuu yalikwisha kutokea na yanafichuliwa kwa masimulizi. Mwanafalsafa Aristotle aliitumia tamthiliya hii mara kwa mara kama kielelezo cha tanzia bora.

(d) Wanawake wa Trachis. Heracles, mwana wa Zeus na shujaa aliyeshinda mazimwi mengi, anauawa bila upanga. Mkewe Deianeira anampelekea vazi lililopakwa damu ya Nessus, akidhani ni limbwata la kumrudishia mapenzi. Kumbe ni sumu. Heracles aliyeshinda kila adui anaangamizwa na kosa la mtu aliyempenda.

5. Mtumishi wa mji

Sophocles hakuwa mtunzi wa kukaa pembeni. Mwaka 443 KK alikuwa miongoni mwa watunza hazina wa muungano ulioongozwa na Athens. Karibu na mwaka 441 KK alichaguliwa kuwa mmoja wa majenerali 10, akiwa pamoja na Pericles, katika vita dhidi ya kisiwa cha Samos. Masimulizi ya kale yanadai kwamba alichaguliwa kwa sababu Antigone iliwapendeza mno wananchi. Kwa hiyo mtu aliyemchora Creon aliujua uzito wa kutoa amri.

Mwaka 431 KK vilianza vita kati ya Athens na Sparta. Mwaka uliofuata tauni iliingia Athens ikaua watu wengi, na Pericles mwenyewe alikufa mwaka 429 KK. Wataalamu wengi wanaona kwamba Mfalme Oedipus iliigizwa miaka hiyo. Kama ndivyo, watazamaji walioona mji wa Thebes ukifa kwa tauni walikuwa wametoka kuzika jamaa zao.

Sophocles pia alikuwa mtu wa ibada. Athens ilipompokea Asclepius, mungu wa uponyaji, inaelezwa kwamba Sophocles alimhifadhi nyumbani kwake. Baada ya kufa alipewa jina la heshima Dexion, maana yake mpokeaji, naye akatambikiwa kama shujaa.

Mwaka 413 KK jeshi la Athens liliangamia huko Sicily. Mji ukateua wazee 10 washauri wa kuuokoa, na Sophocles, akiwa na zaidi ya miaka 80, kwa kawaida huhesabiwa kuwa mmoja wao. Mwaka 411 KK washauri hao walikubali utawala uwekwe mikononi mwa watu 400, jambo lililovunja demokrasia kwa muda. Aristotle anaeleza kwamba Sophocles alipohojiwa baadaye alikiri kuwa uamuzi ule haukuwa mwema, ila hakukuwa na njia iliyo bora zaidi. Njia panda aliyowawekea wahusika wake ilimfika yeye mwenyewe.

6. Miaka ya mwisho na kifo

Mwaka 409 KK Sophocles alishinda kwa tamthiliya ya Philoctetes. Yasimuliwa kwamba uzeeni wanawe walimshtaki ili asimamishwe kusimamia mali yake, wakidai akili imemtoka. Yeye akawasomea waamuzi sehemu ya tamthiliya aliyokuwa akiitunga, Oedipus huko Colonus, nao wakamwachia huru. Katika kazi hiyo Oedipus, mzee, kipofu na mkimbizi, anafika kijiji kile kile alichozaliwa Sophocles. Theseus, mfalme wa Athens, anampokea, na kaburi la mgeni huyo linakuwa baraka kwa mji.

Mwaka 406 KK ilipofika habari ya kifo cha mtunzi mwenzake Euripides, Sophocles alivaa nguo za msiba mbele ya watu. Yeye mwenyewe alifariki muda mfupi baadaye, kabla ya Athens kusalimu amri kwa Sparta mwaka 404 KK. Mjukuu wake, aliyeitwa pia Sophocles, aliipeleka jukwaani Oedipus huko Colonus mwaka 401 KK.

7. Umuhimu wake

Katika karne ya 4 KK Athens iliweka sanamu za shaba za Aeschylus, Sophocles na Euripides katika ukumbi wa michezo, na nakala rasmi za kazi zao zikahifadhiwa. Wasomaji wa Kiswahili nao wanaweza kumsoma, kwa kuwa Samuel Mushi alitafsiri Mfalme Oedipus kwa jina la Mfalme Edipode.

Mambo ya kukumbuka

• Visasili na mighani vilikuwa malighafi; ubunifu wa Sophocles ulikuwa katika wahusika na maamuzi yao.
• Miungu katika kazi zake ina nguvu, lakini haimwondolei binadamu wajibu.
• Shujaa wa tanzia ni mtu mkubwa mwenye sifa njema, anayeanguka kwa kosa linalotokana na tabia yake au kwa kutojua.

Maswali ya marudio

1. Eleza mabadiliko 4 ambayo Sophocles aliyaleta katika sanaa ya maonyesho.
2. Oedipus aliangushwa na miungu au alijiangusha? Jadili kwa hoja 5. (Dokezo: usichague upande mmoja tu. Tenganisha yale yaliyotabiriwa na yale aliyoyaamua mwenyewe, kama vile hasira yake njiani na msimamo wake wa kuutafuta ukweli hata alipoombwa aache.)
3. Linganisha Creon na Odysseus kuhusu suala la kumzika adui.
4. Onyesha jinsi maisha ya Sophocles kama kiongozi yanavyohusiana na maudhui ya kazi zake.