Dkt. Hugh Stannus, tabibu aliyeitambua pelagra Zomba

Dkt. Hugh Stannus, aliyezaliwa mwaka 1877, aliingia katika utumishi wa serikali ya kikoloni mwaka 1905, katika nchi ambayo leo ni Malawi.

Mjini Zomba, yalikokuwa makao makuu ya utawala, aliwakuta wafungwa wenye ngozi iliyobabuka mahali palipopigwa na jua. Waliharisha, na wengine walichanganyikiwa akili. Alitambua kuwa ni pelagra, akaieleza katika majarida ya tiba. Wakati huo wengi walidhani ugonjwa huo unatokana na vijidudu au mahindi yaliyooza. Stannus aliuhusisha na upungufu wa lishe kwa watu wanaotegemea mahindi. Mwaka 1937 wanasayansi wa Marekani walibaini kwamba kinachokosekana ni niasini, mojawapo ya vitamini B.

Hakupatia kila jambo. Dkt. Cicely Williams alipoeleza unyafuzi wa watoto mwaka 1933, Stannus alishikilia kuwa huo nao ni pelagra. Wakati ulimthibitisha Williams.

Stannus alifariki mwaka 1957. Mwaka 1990 pelagra ilizuka tena nchini Malawi: wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 17,000 waliugua baada ya karanga kukosekana katika mgao wao. Unga wa mahindi haukuwatosha.

Miaka minne baadaye Dzaleka ilifunguliwa kwa wakimbizi. Kwa familia inayoishi kwa ugali, konzi ya karanga, maharage au dagaa ingali kinga ya ugonjwa ule ule wa Zomba.