Bibi wa Taa Aliyekuwa Bibi wa Hesabu

Juzi alinijia mpwa wangu, muuguzi katika hospitali moja ya hapa pwani, uso umemkunjamana na mkononi ana karatasi ya maswali. Wakubwa wake wamemwomba ashiriki katika utafiti wa uuguzi, awe akiandika mambo ayaonayo wodini kwa muda wa miezi mitatu, naye hataki. Alinieleza kuwa utafiti ni kazi ya madaktari na maprofesa. Kazi yake yeye ni kutandika vitanda, kuosha vidonda na kugawa dawa. Tena alikuwa na khofu kwamba hayo atakayoyaandika huenda yakageuzwa ushahidi wa kumtia makosani.

Sikumlaumu. Badala ya kumjibu nilimsimulia maisha ya bibi mmoja aliyefariki zamani, na leo nawasimulia nanyi, wapenzi wasomaji. Kwani hapana muuguzi asiyelijua jina lake, lakini wanaoijua kazi yake kubwa ni wachache.

Bibi huyo ni Florence Nightingale. Alizaliwa tarehe 12 Mei 1820 katika mji wa Florence huko Italia, na wazazi wake, Waingereza wenye mali, wakampa jina la mji huo. Babake alimsomesha nyumbani lugha na historia, lakini binti mwenyewe moyo wake ulikuwa katika hesabu. Mwaka 1837, kabla hajatimiza miaka 17, alihisi kwamba Mungu amemwita amtumikie, na baadaye akaamini kuwa utumishi wenyewe ni kuuguza wagonjwa.

Jamaa zake walikataa katakata. Wakati huo uuguzi huko Uingereza ulikuwa kazi ya kudharauliwa, na waliokuwa wakiifanya walisifika kwa ulevi kuliko kwa huruma. Sisi tuliosoma chuoni huenda tukashangaa, maana tunamjua Bibi Rufaida al-Aslamiyya, ambaye hema lake la kutibia majeruhi lilikuwa katika msikiti wa Mtume, Madina, na ndimo alimolazwa Saad bin Muadh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq. Lakini kila watu na zama zao. Bibi Florence alingoja miaka, akajifunza kwa siri katika vitabu na taarifa za hospitali, kisha akapata mafunzo mafupi huko Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851. Mwaka 1853 alipewa kusimamia hospitali ndogo ya mabibi mjini London.

Mwaka uliofuata Uingereza na Ufaransa zilijiunga na Waturuki kupigana na Warusi katika vita vya Crimea. Majeruhi wa Kiingereza walivushwa Bahari Nyeusi hadi Uskudar, upande wa Asia wa mji wa Istanbul, ambako Sultani alikuwa amewaachia kambi kubwa ya askari wake iwe hospitali. Bibi Florence aliwasili huko Novemba 1854 pamoja na wanawake 38. Walikuta wagonjwa wamelazwa sakafuni katika kumbi ndefu, nguo zimejaa chawa, vyoo vimefurika, na sabuni, mashuka na vyombo havitoshi. Usiku alikuwa akipita na taa yake baina ya vitanda, na taa hiyo ndiyo iliyomtia katika picha na nyimbo, hata watu wakamwita Bibi wa Taa.

Laiti habari ingekomea kwenye taa, nisingeiandika. Jambo ambalo picha hazionyeshi ni kwamba aliposhika kazi alikuta hata wafu hawahesabiwi sawasawa. Madaftari yalikuwa matatu, na kila moja lina idadi yake. Wengine walizikwa na majina yao hayakuandikwa popote. Akaanza kuandika: nani kaingia, ana maradhi gani, katoka mzima au katoka kwa jeneza.

Baridi ile watu walikufa kama nzi. Mwezi wa Februari 1855 hesabu ilifika wafu 42 kwa kila wagonjwa 100. Mwezi wa Machi ikaja tume ya afya kutoka London, ikasafisha mifereji ya maji machafu iliyokuwa chini ya jengo, ikaondoa mizoga, ikafungua madirisha hewa ipite. Kufikia Juni wafu walikuwa wapata 2 tu kwa kila 100.

Aliporudi kwao mwaka 1856, Bibi Florence alikuwa bado akiamini kwamba wengi walikufa kwa sababu waliletwa wamechelewa, wakiwa wamedhoofika kwa njaa na baridi. Ndipo akakaa na bingwa wa takwimu, William Farr, wakazichambua hesabu moja moja. Hesabu zikasema jambo asilolitaka. Waliouawa na risasi na majeraha walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kipindupindu, homa na kuhara, maradhi ambayo yangaliweza kuzuiwa. Tena waliolazwa Uskudar walikufa zaidi kuliko waliotibiwa katika hospitali duni karibu na uwanja wa vita. Kwa maneno mengine, hospitali yenyewe, ile aliyokesha ndani yake na taa, ilikuwa inaua watu.

Hapa ndipo penye mtihani wa mtu. Taifa zima lilikuwa likimsifu. Angeweza kulifunga daftari, akakaa na sifa zake, na hapana ambaye angemuuliza. Hakufanya hivyo. Aliandika ripoti kubwa mwaka 1858, na kwa kuwa alijua wakubwa hawapendi kusoma majedwali, akachora duara zilizogawanywa vipande kumi na viwili, kila kipande mwezi mmoja, rangi moja kwa waliokufa kwa maradhi na nyingine kwa waliokufa kwa majeraha. Hata asiyejua hesabu aliweza kuona kwa jicho moja adui alikuwa nani. Mwaka huohuo akawa mwanamke wa kwanza kuingizwa katika Chama cha Takwimu cha London.

Toka hapo hakuiweka kalamu chini. Maradhi aliyoyapata vitani yalimfunga chumbani miaka mingi, naye akafanya kazi akiwa kitandani. Hakupata kufika Bara Hindi, lakini aliandaa karatasi za maswali zikapelekwa katika vituo vya jeshi huko, na majibu yakamjia kwa marobota. Akajua maji yanatekwa wapi na taka zinatupwa wapi. Alipendekeza fomu moja itumiwe na hospitali zote, ili wagonjwa wa hapa waweze kulinganishwa na wa kule, na mkutano wa kimataifa wa takwimu uliokutana London mwaka 1860 ukaijadili. Mwaka huo ndio aliofungua shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas'.

Kisa kimoja kilimgusa mpwa wangu kuliko vyote. Bibi Florence alianzisha wodi ya kufundishia wakunga katika hospitali ya King's College. Ilikuwa yake, kwa fedha za mfuko wake na kwa fikra yake. Homa ya uzazi ikaingia, wazazi wakafa, na mwaka 1867 wodi ikafungwa. Hakujitetea. Alikusanya hesabu za mahali pengi, na mwaka 1871 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba wakati huo wanawake waliojifungulia katika hospitali za uzazi walikufa zaidi kuliko waliojifungulia majumbani, hata katika nyumba za maskini.

Alifariki tarehe 13 Agosti 1910, mwenye umri wa miaka 90. Jamaa zake walikataa azikwe pamoja na wakubwa wa nchi Westminster. Akalazwa East Wellow, na juu ya kaburi zikaandikwa herufi za mwanzo za jina lake na tarehe zake basi.

Baada yake wauguzi wengi waliirithi taa wakaisahau kalamu. Ilikuwa mwaka 1952 ndipo wauguzi wa Marekani walipopata jarida lao la utafiti, na mwaka 1972 ndipo kamati ya serikali ya Uingereza iliposhauri kwamba uuguzi ujengwe juu ya utafiti. Wala mtu asidhani kuwa utafiti ni mgeni kwetu sisi. Tabibu Abu Bakr al-Razi, zaidi ya miaka elfu moja nyuma, aliandika jinsi alivyowatoa damu wagonjwa wa kundi moja na kuwaacha wa kundi la pili, ili aone tiba ile inafaa au haifai.

Nilimwambia mpwa wangu kwamba daktari humwona mgonjwa dakika chache kisha akapita. Yeye muuguzi hukaa naye usiku kucha. Akinyamaza, aliyoyaona yanazikwa pamoja na mgonjwa. Ama khofu yake, nilimshauri aulize kabla ya kutia sahihi: utafiti huu una faida gani kwa mgonjwa, majina yatafichwa vipi, wagonjwa wenyewe wameombwa ridhaa, na je, mtu ana ruhusa ya kukataa asidhurike? Hayo ni haki yake kuyajua. Akishajibiwa vyema, basi aandike kweli, hata ikiwa kweli yenyewe ni chungu, hata ikiwa inamhusu yeye.

Wiki iliyopita alirudi. Maswali yake yamejibiwa, na karatasi ameijaza. Lakini sasa ana swali lake mwenyewe: kwa nini wagonjwa wazee katika wodi yake huanguka kitandani zaidi kabla ya alfajiri? Ameanza kulifungua daftari la zamu ya usiku, anahesabu. Nikamwombea Mola ampe macho ya kuona na ujasiri wa kuandika anachokiona.