ROBERT BOYLE: MKRISTO ALIYEPIMA ASIDI KWA MAUA



Mama yeyote aliyepata kufua kitambaa chenye doa la mchuzi wa manjano amekwisha kuliona jambo hili. Akipaka sabuni, doa hugeuka mara moja likawa jekundu kama damu iliyokauka. Akikamulia limao, rangi ya manjano hurudi. Wengi hudhani kitambaa kimeharibika. Kumbe manjano yametoa ushahidi tu: sabuni ina alkali ndani yake, na limao lina asidi.

Mtu aliyeufundisha ulimwengu kuutumia ushahidi wa namna hii kwa utaratibu alikuwa Mkristo wa Kanisa la Uingereza, ambalo sisi Waanglikana twatokana nalo. Hakuwa kasisi. Jina lake ni Robert Boyle, na maisha yake yafaa kukumbukwa katika kurasa zetu.

Alizaliwa tarehe 25 Januari 1627 katika ngome ya Lismore, kusini mwa Ayalandi. Alikuwa mtoto wa 14 wa Lodi wa Cork, Mwingereza aliyehamia Ayalandi akiwa kijana asiye na mali, akawa mmoja wa matajiri wakubwa wa wakati wake. Mama yake alifariki Robert akiwa na miaka mitatu tu. Tangu utoto alikuwa na kigugumizi, nacho hakikumwacha. Akiwa na miaka minane alipelekwa shule ya Eton, na alipokuwa na miaka kumi na miwili baba yake akamtuma Ulaya pamoja na kaka yake na mwalimu, wakakaa Geneva.

Huko Geneva usiku mmoja ilitokea dhoruba ya ngurumo na radi. Kijana aliamka akatetemeka, akidhani siku ya hukumu imefika, akajiona kwamba hayuko tayari. Akamwahidi Mungu kwamba akipona ataishi maisha ya uchaji. Kulipokucha mbingu ilikuwa shwari. Hapo aliona haya kuwa ahadi yake ilitokana na hofu tu, basi akaiahidi tena kwa hiari, pasipo radi wala ngurumo. Tangu ujana wake Boyle hakutaka kukubali jambo, hata lililo jema, bila kulipima.

Lakini tusidhani kwamba njia yake ilikuwa nyepesi. Baadaye kidogo alizuru nyumba ya watawa iliyo katika milima ya Ufaransa, na katika upweke wa mahali pale mashaka makubwa juu ya imani yakamshukia. Giza lile lilikuwa zito hata akawaza juu ya kufa, na kilichomzuia ni kujua kwamba Mungu amekataza mtu kujiua. Alikaa katika hali hiyo kwa miezi kadhaa, mpaka siku moja alipopokea Ushirika Mtakatifu, faraja ikamrudia. Hata hivyo mashaka yalizidi kumjia mara kwa mara katika maisha yake. Hakuyaficha wala hakuyakimbia. Aliyafanya kuwa sababu ya kuuliza na kuchunguza.

Mwaka 1644 alirudi Uingereza, akakaa katika shamba aliloachiwa na baba yake huko Stalbridge. Baadaye alihamia Oxford, na kwa msaada wa fundi hodari Robert Hooke akapata bomba la kutoa hewa katika chombo cha kioo. Kwa majaribio hayo alipata kuonyesha, mwaka 1662, kwamba hewa ikibanwa kwa nguvu maradufu, nafasi yake hupungua kuwa nusu. Wanafunzi wa sekondari huijifunza kanuni hiyo kwa jina lake. Lakini hapa twataka kusema juu ya kazi yake nyingine, ile ya asidi, alkali na chumvi.

Zamani zile watu walitambua asidi kwa ulimi. Kitu kikali kama siki au ndimu kiliitwa asidi. Kitu chenye ladha ya majivu, kinachoteleza kama sabuni mkononi, kiliitwa alkali. Lakini ulimi si shahidi wa kutegemewa. Zipo asidi, kama ile ya betri ya gari, ambazo zingeunguza ulimi kabla hujasema neno.

Katika kitabu chake juu ya rangi, kilichotoka mwaka 1664, Boyle alieleza njia bora. Huko Ulaya kuna ua dogo liitwalo vayoleti, lenye rangi ya urujuani, na wauza dawa walikuwa wakitengeneza sharubati yake kwa ajili ya wagonjwa. Boyle alidondosha sharubati hiyo kidogo juu ya karatasi nyeupe. Akitia matone mawili matatu ya siki, sharubati iligeuka nyekundu. Akitia maji ya majivu, iligeuka kijani. Akatoka kwenye jaribio moja akaenda kwenye kanuni: asidi zote alizozipima zilileta wekundu, na alkali zote zilileta ukijani. Tena akaona kwamba viko vitu, kama chumvi ya kula, visivyogeuza rangi kwa upande wowote. Hivyo vikawa kundi la tatu.

Kundi hili la tatu lilikuwa jambo kubwa. Maana katika siku zake walikuwapo waganga na wanakemia mashuhuri waliofundisha kwamba vitu vyote ulimwenguni ni asidi au alkali, na kwamba hata afya na ugonjwa wa mwanadamu ni vita vya hao wawili. Dalili yao kubwa ilikuwa povu: kitu kikichemka na kutoa povu kinapochanganywa na asidi, basi ni alkali. Mafundisho hayo yalipendwa na wengi kwa sababu yalikuwa rahisi. Boyle aliyapinga kwa upole mwaka 1675, akisema kwamba hayakutosha kueleza yote yaonekanayo katika majaribio, na kwamba majina hayo mawili yenyewe hayakuwa na maana iliyo thabiti.

Leo twajua kwamba alikuwa na haki. Ukikamulia limao juu ya magadi, povu hutoka, lakini povu lile ni gesi ya kaboni dayoksaidi iliyokuwa imefungwa ndani ya magadi. Alkali nyingine, kama magadi makali ya kutengenezea sabuni, huungana na asidi pasipo povu lolote. Asidi iliyo tumboni mwetu, ambayo ni asidi ya hidrokloriki, ikichanganywa na magadi hayo makali kwa kipimo kilicho sawasawa, vyote viwili hupoteza ukali wao. Kinachobaki ni maji na chumvi, chumvi ile ile tunayotia katika mboga. Vitu viwili viunguzavyo vimezaa kitu cha kukoleza chakula. Mwaka 1909 mtaalamu wa Denmark, Sørensen, aliweka kipimo kiitwacho pH. Katika kipimo hicho 7 ni kati na kati. Chini yake ni asidi, na juu yake ni alkali. Lakini karatasi ya litmasi ambayo watoto huichovya shuleni bado inafuata njia ile ile ya sharubati ya vayoleti.

Mwaka 1668 Boyle alihamia London, akakaa nyumbani kwa dada yake Katherine, mama mwenye elimu na busara. Miaka miwili baadaye alipata ugonjwa wa kupooza. Macho yake pia yalikuwa dhaifu, hata ikambidi kuwategemea waandishi na wasaidizi. Hakuoa kamwe.

Watu walimwomba apokee daraja takatifu, naye akakataa, kwa kuwa hakusikia wito moyoni, tena aliona kwamba neno la mtu asiyelipwa na Kanisa huenda likasikilizwa zaidi na wenye mashaka. Mwaka 1680 alichaguliwa kuwa rais wa Royal Society, chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Akakataa tena, kwa sababu cheo kile kilidai viapo ambavyo dhamiri yake haikuridhika navyo.

Mali yake aliitumia zaidi kwa ajili ya Neno la Mungu. Alisaidia kulipia Injili na Matendo ya Mitume kwa lugha ya Kimalai, zilizopigwa chapa Oxford mwaka 1677. Kisha akawakumbuka watu wa nchi alikozaliwa. Waayalandi wa mashambani hawakujua Kiingereza, na Agano la Kale lililotafsiriwa chini ya uongozi wa Askofu Bedell lilikuwa limelala kwa miaka mingi bila kuchapwa. Boyle alilipia herufi mpya za chapa. Agano Jipya la Kiayalandi likatoka tena mwaka 1681, na la Kale mwaka 1685. Sisi tuliopokea Biblia katika lugha yetu wenyewe twaweza kufahamu thamani ya zawadi hiyo.

Dada yake Katherine alifariki tarehe 23 Desemba 1691. Boyle hakustahimili kutengana naye. Wiki moja baadaye, mwaka ukiisha, naye akafa. Alizikwa katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, London. Kanisa hilo lilibomolewa baadaye ili kujengwa jipya, na mahali pa kaburi lake hapajulikani. Katika wasia wake aliacha fedha kwa ajili ya mahubiri ya kuitetea imani ya Kikristo, akaagiza kwamba wahubiri hao wasiingie katika mabishano ya Wakristo kwa Wakristo.

Basi, ndugu, mara ngapi tumemwonja mtu kwa ulimi mmoja tu, yaani kwa maneno ya jirani, tukamtia katika kundi la wabaya? Mara ngapi tumedhani kwamba penye povu na kelele ndipo penye ukweli? Boyle alipima polepole, akaandika alichokiona, wala hakuona haya kusema kwamba kitu fulani si cha upande huu wala si cha upande ule. Na siku doa la manjano litakapogeuka jekundu mikononi mwako penye karai la kufulia, usiitupe nguo. Kamulia limao, utazame, ukamkumbuke mtumishi huyu wa Mungu.