Maisha ya Carl Larsson na nyumba yake

Katika numero hii tunataka kuwaelezea maisha ya mtu mmoja wa inchi ya Uswedi, jina lake Carl Larsson. Waswedi si wageni kwetu. Wamisionari wao walifika upande wa Uvira tangu miaka ya 1920, na ku Bas-Congo walikuwa wamefika mbele ya pale. Lakini huyu tunayesema hakuwa misionari. Alikuwa mchoraji wa picha, na kitu kilichomfanya ajulikane kupita vyote ni nyumba yake mwenyewe, ile aliyokaa ndani na bibi yake na watoto wao. Mtu akiiona katika kitabu anadhani ni nyumba ya hadithi za watoto. Kumbe ni nyumba ya kweli, na iko mpaka leo.

Carl alizaliwa ku Stockholm, mji mkuu, tarehe 28 Mei 1853. Wazazi wake walikuwa maskini wa kweli. Mama yake alifulia watu nguo. Baba alifanya vibarua huku na huku, hakukaa na kazi, na alipenda pombe. Walihama, wakafukuzwa, wakahama tena. Kwa muda walikaa mtaa mmoja mbaya ambako chumba kimoja kiligawanywa na jamaa tatu. Sisi tulio interna tunalalamika kwamba vitanda vinakaribiana sana; basi, tuwafikirie watoto wale, na uchafu na magonjwa na ulevi mbele ya macho yao kila siku. Baba alifika hata kumwambia mtoto wake uso kwa uso kwamba analaani siku aliyozaliwa. Carl hakusahau. Alipokuwa mzee aliandika jambo hilo katika kitabu cha maisha yake, ambacho kilitolewa 1931, nyuma ya kifo chake. Tunaomba mlishike neno hili, juu bila lenyewe hamtafahamu sababu ya ile nyumba.

Alisoma katika masomo ya watoto maskini. Mwalimu wake akaona mkono wake unachora vizuri, akamsukuma aombe nafasi katika Akademi ya Sanaa ya Stockholm. Wakamkubali akiwa na miaka 13 tu. Kwanza alikuwa na haya mbele ya wenzake, lakini alishinda. Kiisha akaanza kuchora picha za kuchekesha kwa gazeti moja lililoitwa Kasper, na feza aliyopata alisaidia nayo wazazi, hata yule baba.

Mwaka 1877 akaenda Paris, sawa wachoraji wote wa wakati ule. Kule hakupata kitu. Alichora picha kubwa za rangi ya mafuta na hakuna aliyezitaka; miaka ikapita, njaa ikabaki. Ni mwaka 1882, katika kijiji cha Grez-sur-Loing, si mbali na Paris, ndipo maisha yake yaligeuka. Wachoraji wengi wa Uswedi na Norvege walikaa pale. Akaacha mafuta, akashika rangi za maji, zile nyepesi zenye mwangaza. Na tena akakutana na Karin Bergöö, binti wa mfanyabiashara, ambaye yeye pia alikuwa mchoraji aliyesoma katika Akademi ile ile. Walioana 1883. Walizaa watoto 8.

Mwaka 1888 baba ya Karin akawapa nyumba ndogo ya magogo katika kijiji cha Sundborn, jimbo la Dalarna. Jina lake ni Lilla Hyttnäs. Ndani ya jina hilo mna neno la Kiswedi linalotaja tanuru ya kuyeyusha madini, kwa maana karibu na pale, ku Falun, watu walichimba shaba kwa mamia ya miaka, mpaka mugodi ulipofungwa 1992. Sisi wa inchi ya shaba tutapenda kujua jambo hili: takataka ya mugodi ule, udongo wenye kutu ya chuma, ndiyo inayotoa rangi nyekundu ya nyumba za Uswedi. Wanauchemsha na maji na unga wa nafaka ya kule, wanaongeza mafuta ya kitani, kiisha wanapaka mbao. Ni rangi ya bei rahisi na inalinda mbao miaka mingi.

Wakati ule watu wenye mali ku Ulaya walijaza nyumba vyombo vizito vyeusi, mapazia manene yanayozuia jua, na sebule ambayo mtoto hakuruhusiwa kuingia isipokuwa siku ya wageni. Carl na Karin walifanya kinyume. Walichukua viti na meza za zamani, hata vilivyotupwa, wakavipaka rangi: chumba cha kula nyekundu na kijani, sebule nyeupe na buluu. Ku madirisha waliweka maua, si mapazia mazito. Carl alichora sura za watu wa nyumba juu ya milango, na juu ya mlango wa kuingilia akaandika maneno ya kumkaribisha mgeni. Watoto walicheza kila pahali.

Mambo haya hawakuyatoa hewani. Walichanganya mengi: vyombo vya wakubwa wa zamani, namna za Waingereza, hata picha za Japani. Lakini mzizi ulikuwa kwa wakulima wa Dalarna. Katika karne ya 18 na ya 19 mafundi wa kijiji walitembea nyumba kwa nyumba wakichora kuta na makabati. Walichora habari za Biblia, lakini wafalme na mabikira wao walivaa sawa wakulima na wakubwa wa siku zile. Kati ya picha waliweka maua makubwa yasiyo na mfano duniani, yanayoitwa kurbits. Neno hilo linatoka kwa jina la mtango, ule ambao Mungu aliuotesha juu ya Yona nje ya Ninawi ili apate kivuli. Yona aliupata siku moja tu. Watu wa Dalarna waliuweka ukutani, katika inchi ambayo wakati wa baridi jua halionekani sana.

Inasemwa kwamba wakati mmoja mvua ilinyesha mingi mno, Carl akakaa ndani bila kazi na moyo mzito, na Karin akamshauri achore vyumba vyao. Picha zile zilionyeshwa ku Stockholm 1897, na 1899 picha 24 zikatoka katika kitabu Ett hem, maana yake Makao. Mwaka 1909 kitabu kingine kikatoka ku Ujerumani, na katika miezi mitatu nakala 40.000 zikauzwa. Toka pale watu wa inchi nyingi wakaanza kutengeneza nyumba zao sawa ile.

Hapa tunataka kusema waziwazi neno moja. Vitabu vilibeba jina la Carl peke yake, lakini ukitazama vizuri kitambaa cha meza, pazia, mto, zulia, hata kiti cha kuyumba, ni mkono wa Karin. Nyuma ya ndoa aliacha kuchora picha, akageuza ufundi wake kuwa wa kusuka na kushona na kupanga vyombo. Hakuandika jina lake ku dirisha wala ku mlango. Tunaona watu walikawia sana kumheshimu. Ilipofanywa maonyesho makubwa ya nyumba hiyo ku London, 1997, ndipo majina mawili yaliwekwa pamoja ku kichwa.

Wala msifikiri kwamba ndani ya nyumba mlikuwa jua tu. Mtoto wao Mats alikufa mchanga. Ulf, mvulana wao mkubwa, alikufa 1905 akiwa na miaka 18. Carl mwenyewe alishikwa mara kwa mara na huzuni nzito, lakini hakuiingiza katika picha za nyumba. Picha aliyoiona kuwa kubwa ya maisha yake ilikuwa nyingine, ya mfalme wa zamani anayetolewa sadaka na wapagani, yenye upana karibu metre 14. Aliimaliza 1915 kwa ukuta wa Nationalmuseum ya Stockholm, na wakaikataa. Jambo hilo lilimuumiza mpaka alipokufa ku Falun, tarehe 22 Januari 1919. Picha ikauzwa hata ikafika Japani. Mwaka 1997 myuze ile ile ikainunua na kuirudisha ku ukuta wake.

Karin aliishi mpaka 1928. Wazao wao ndio wanaotunza Lilla Hyttnäs sasa, na wageni wanaingia kuitembelea, vyombo vikiwa pale pale alipoviweka.