Jenny Lind: Kutoka Jukwaa la Opera hadi Safu ya Soprano

Katika jubilii hii tunawakumbuka wengi waliotutangulia katika kuimba. Pamoja nao, ningependa tumkumbuke mwimbaji wa nchi ya mbali aliyekuwa soprano mashuhuri kuliko wote wa wakati wake. Maisha yake yana mambo mawili yanayotuhusu sana sisi wanakwaya: namna ya kuitunza sauti, na namna ya kuitumia ukishasifiwa.

Jenny Lind alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1820 mjini Stockholm, Uswidi. Wazazi wake walikuwa hawajafunga ndoa, na utoto wake haukuwa na raha. Mama yake alijitafutia riziki kwa kufundisha wasichana nyumbani. Jenny alipokuwa na umri wa miaka 9, alipenda kukaa dirishani akimwimbia paka wake. Siku moja mtumishi wa mchezaji dansi maarufu wa Opera ya Kifalme alipita hapo, akasikia sauti ile, akaenda kumweleza bibi yake. Mtoto akaitwa, akasikilizwa, na akapokelewa katika shule ya jumba hilo asomeshwe bila kulipa.

Opera ni mchezo wa kuigiza ambao wahusika huimba maneno yao badala ya kuyasema, huku okestra ikiwapigia. Mwimbaji wake husimama mbele ya ukumbi mkubwa bila kipaza sauti, na ni lazima asikike hadi kiti cha mwisho. Jenny alipanda jukwaa kwa mara ya kwanza kama mhusika mkuu tarehe 7 Machi 1838, akiwa na umri wa miaka 17, katika opera ya Weber iitwayo Der Freischütz. Tangu usiku huo Stockholm nzima ilimjua.

Hata hivyo, makofi yalificha tatizo. Msichana huyu aliimba mno, usiku baada ya usiku, bila kufundishwa vizuri namna ya kutoa sauti. Kufikia mwaka 1841 sauti yake ilikuwa imechoka na kukwaruza. Alifunga safari hadi Paris kwa Manuel García, mwalimu aliyesifika kuliko wote wa sauti. García alimsikiliza, akaona kwamba sauti ile ilikaribia kuharibika kabisa. Hakumpa wimbo wala zoezi. Alimwagiza anyamaze kwa wiki kadhaa, asiimbe kamwe, na hata kuzungumza azungumze kidogo tu.

Hebu fikiria: nyota wa taifa lake, aliyekwisha kupewa heshima ya kuwa mwanachama wa Chuo cha Kifalme cha Muziki, anaambiwa akae kimya. Alitii. Muda ulipokwisha alianza upya kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, akijifunza kupumua na kupanda ngazi za sauti polepole, siku baada ya siku. Mwaka 1842 alirudi nyumbani akiwa na sauti bora kuliko ile ya kwanza.

Kuanzia hapo milango ilifunguka. Aliimba Berlin, Leipzig na Vienna. Mei 1847 aliimba London, na Malkia Victoria alikuwa miongoni mwa wasikilizaji. Mtunzi Felix Mendelssohn, rafiki yake, alitunga sehemu ya soprano katika kazi yake kuu ya Eliya akiifikiria sauti ya Jenny. Mendelssohn alifariki Novemba 1847. Mwaka uliofuata Jenny aliimba Eliya jijini London, na pauni 1,000 zilizopatikana zikawekwa kuwasomesha wanamuziki vijana kwa jina la marehemu.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Jenny alisifiwa kupita kiasi, lakini tembo lake hakulitia maji. Alikuwa mcha Mungu, na maisha ya jukwaani hayakumpa amani. Tarehe 10 Mei 1849, akiwa na umri wa miaka 28 tu, aliimba opera kwa mara ya mwisho. Baada ya hapo aliimba katika matamasha, pamoja na nyimbo kuu za Biblia kama Masihi ya Handel.

Mwaka 1850 alivuka bahari hadi Marekani, ambako P. T. Barnum aliahidi kumlipa dola 1,000 kwa kila tamasha. Maelfu walimpokea bandarini New York. Fedha alizopata katika ziara hiyo zilikuwa nyingi mno, na sehemu kubwa alizitoa kwa wahitaji na kwa shule za bure kwao Uswidi. Huko Marekani pia, mwaka 1852, aliolewa na mpiga piano Otto Goldschmidt. Walijaliwa watoto watatu, na baadaye wakahamia Uingereza.

Mume wake alipokuwa kiongozi wa Kwaya ya Bach jijini London, Jenny alikuwa amepita umri wa miaka 50. Angeweza kudai kuimba peke yake. Badala yake alichukua kazi ya kuwafundisha soprano wa kwaya hiyo, watu wa kawaida wasiolipwa, na akaimba pamoja nao. Aprili 1876 kwaya hiyo iliimba Misa kuu ya Bach, mara ya kwanza kwa kazi hiyo kuimbwa yote nchini Uingereza. Kuanzia mwaka 1883 alifundisha pia katika Chuo cha Kifalme cha Muziki huko London.

Jenny Lind alifariki tarehe 2 Novemba 1887. Kumbukumbu yake imewekwa katika kanisa la Westminster Abbey, karibu na ile ya Handel. Hakuna rekodi ya sauti yake tunayoweza kuisikia leo. Zilizobaki ni habari za shule alizosaidia na za waimbaji aliowafundisha.

Basi, waimbaji wenzangu, mwalimu wetu anapotuambia tupumzishe sauti baada ya kesha, tusimwone mkali. Na yule anayeimba vizuri kuliko wenzake katika safu yake asisubiri kupewa wimbo wa peke yake ndipo aje mazoezini. Amsaidie jirani yake kuishika noti.