Horace Wells, tabibu wa meno aliyeshinda maumivu asiyaone matunda yake

Mtoto anayeketi leo kwenye kiti cha daktari wa meno aweza kuvikwa barakoa ndogo puani, akavuta gesi ya kuchekesha, akatulia pasipo kulala, na jino lake likatibiwa. Gesi hiyo, iitwayo nitrasi oksidi, iliingia katika tiba ya meno kwa jitihada za Mmarekani Horace Wells, ambaye sifa yake ilithibitishwa akiwa amekwisha kuzikwa.

Wells alizaliwa tarehe 21 Januari 1815 katika jimbo la Vermont. Alijifunza kazi ya meno mjini Boston, na mwaka 1836 akaanza kutibu katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut. Mwaka 1838 alichapisha kitabu kidogo juu ya meno, maradhi yake na utunzaji wake. Zama hizo hapakuwa na sindano ya ganzi wala nusukaputi. Aliyeumwa jino, mkubwa kwa mdogo, aling'olewa akiwa na fahamu zake zote.

Jioni ya tarehe 10 Desemba 1844, Wells alihudhuria maonyesho ya Gardner Colton, aliyewavutisha watu gesi hiyo kwa burudani. Kijana mmoja, Samuel Cooley, aliumia mguu alipokuwa amelewa gesi, wala hakuhisi kitu. Wengine walicheka, Wells alitafakari. Kesho yake alivuta gesi hiyo mwenyewe, na mwenzake John Riggs akamng'oa jino. Hakusikia maumivu.

Baada ya kuitumia kwa wagonjwa kadhaa, Januari 1845 alikwenda Boston kuwaonyesha wanafunzi wa udaktari. Mfuko wa gesi uliondolewa mapema mno, mgonjwa akapiga ukelele, na ukumbi ukamzomea Wells kama mlaghai. Baadaye mgonjwa huyo alikiri kwamba maumivu aliyoyapata yalikuwa madogo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Tarehe 16 Oktoba 1846, William Morton, aliyekuwa mwanafunzi na mshirika wa Wells, alifaulu mjini humo humo kwa kutumia etha, naye akaiombea hataza ili apate faida. Wells hakuwa ameiwekea hataza gesi yake. Alitaka kila tabibu aitumie bure. Kuanzia hapo alihangaika kudai haki yake ya ugunduzi.

Mapema mwaka 1848 alihamia New York, akaanza kujijaribia klorofomu, nayo ikamharibu akili. Akiwa katika hali hiyo aliwamwagia tindikali wanawake barabarani, akatiwa mahabusu. Alipozinduka na kutambua alilolitenda, majuto yalimzidi, akajiua tarehe 24 Januari 1848, akiwa na umri wa miaka 33. Alimwacha mke wake, Elizabeth, na mwana mmoja. Habari kwamba chama cha matabibu cha Paris kimemtambua kuwa mgunduzi ziliwasili akiwa amefariki. Chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilimtambua mwaka 1864.

Kilichomwangusha Wells ni kipimo, na ndicho kilichorekebishwa baada yake. Yeye alitumia gesi tupu. Mwaka 1868 Edmund Andrews wa Chicago alipendekeza ichanganywe na oksijeni. Mashine za leo huhakikisha kwamba oksijeni haipungui asilimia 30 ya hewa anayoivuta mtoto. Matibabu yakiisha, mtoto hupewa oksijeni pekee, na ulevi wa gesi humtoka kwa dakika chache.

Gesi haichukui nafasi ya sindano ya ganzi. Humpunguzia mtoto hofu ili aweze kuivumilia. Mtoto mwenye hofu kubwa zaidi huweza kupewa dawa ya kunywa ya kumtuliza, kama vile midazolamu, huku pumzi na mapigo ya moyo wake yakichunguzwa. Nusukaputi huachiwa mtoto mdogo sana, mwenye meno mengi yaliyooza, au asiyeweza kutulia kwa njia nyingine. Hiyo huhitaji mtaalamu wa usingizi, vifaa vya kumwokoa mtoto akipatwa na dharura, na mtoto asiwe amekula kwa saa alizoagizwa. Mzazi anayo haki ya kuuliza ni njia ipi imechaguliwa, kwa nini, na ni nani atakayemwangalia mtoto wake hadi azinduke.